Bobari ya spring, ya haispidi au kichwa cha kabaidi: ipi ikufae kwenye kerezo, na utainoaje

Swali linalonifikia kila mara kutoka kwa vijana wanaoanza kukereza ni lilelile, fundi ninunue bobari gani, afu anataja hela aliyonayo mfukoni kabla hata hajasema anataka kukereza nini. Mi huwa namrudishia swali moja tu: utainolea nini? Wengi hapo wananyamaza. Na hapo ndo penye shughuli yote, maana mguu wa meza ukiwa kwenye mashine unazunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika, yani makali yanapita kwenye mbao urefu ambao patasi ya seremala wa kawaida haiufikii hata kwa wiki, kwa hiyo bobari hata iwe ya bei gani itapoteza makali leo hiihii, na kama huna namna ya kuyarudisha basi umenunua fimbo ya chuma yenye mpini mzuri.

Kuwekana sawa kwanza, hapa naongelea kerezo la mbao, ile mashine inayozungusha mbao we ukiichonga, sio ile lezi ya kuchonga chuma. Na bobari ni ile patasi yenye mfereji, wengine wanaiita gauji, wengine patasi ya mviringo, we ita unavyopenda muuzaji atakuelewa.

Vitu vitano vya kupima

Nitavipima vyote vitatu kwa vitu vilevile ili kusiwe na upendeleo. Kwanza mti, unakereza mti gani, maana msonobari wa Sao Hill na mpingo wa Kilwa ni ulimwengu mbili tofauti. Pili makali yanakaa muda gani. Tatu kunoa, unahitaji nini na inakuchukua muda gani kujifunza. Nne hela, ya siku ya kwanza na ile inayofuata baadaye. Tano uso unaoachwa na hatari yake, maana kuna kifaa kinakuachia mbao inang'aa na kuna kingine kinakuachia kazi ya msasa mpaka jioni.

Umbo kabla ya stili

Hili nalipitia haraka ila usiliruke. Bobari ziko za aina tatu kubwa. Kuna ile pana yenye mfereji kama herufi U, hiyo ni ya kuondoa pembe za mbao ya mraba mpaka iwe duara, makali yake yananolewa kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kuna ya nguzo, mfereji wake ni wa juujuu na ncha yake imechongwa kama ukucha wa kidole, nyuzi 30 mpaka 40, hii ndo ya kutengeneza zile shanga na mabonde ya miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Halafu ya bakuli, hiyo ni chuma duara nene kilichochimbwa mfereji wenye kina, nyuzi 45 mpaka 60.

Sasa ile pana usiipeleke kwenye bakuli. Nasema tena, usiipeleke. Msuka wake, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, kawaida ni mwembamba na bapa, na bakuli likizunguka kila mzunguko linakuletea nyuzi za mti zikiwa zimesimama mara mbili, ikinasa pale inakatika kwenye msuka na chuma kinaruka. Mi iliwahi kunasa nikiwa bado mgeni wa kazi, haikukatika ila iliniruka mkononi ikaenda kugonga ukuta, na bakuli lenyewe likapasuka pande mbili. Tangu siku hiyo bobari pana inakaa kwenye msumari wake peke yake mbali na za bakuli.

Kingine, ukiagiza bobari ya bakuli kutoka nje angalia imetoka wapi. Waingereza wanapima upana wa mfereji, Wamarekani wanapima unene wa chuma chenyewe, kwa hiyo ile ya Uingereza iliyoandikwa inchi 3/8 ndo ileile Mmarekani anaiita inchi 1/2. Watu wanalia wamedanganywa kumbe ni vipimo tu.

Bobari ya spring

Hii ni ya kwetu kabisa. Unaenda kwa wafua chuma, Gerezani pale Kariakoo au Kamukunji kama uko Nairobi, na kipande cha spring ya gari, unamchorea umbo anakufulia. Spring ina kaboni ya kutosha, asilimia 0.6 hivi, kwa hiyo inakubali kukazwa kwa moto.

Kwenye mti, inakwenda vizuri na msonobari, mwembe, mfenesi, na mninga haina neno kabisa. Inapoonewa ni kwenye mtiki, mvule na mnazi. Mtiki na mnazi vina silika, yani ni kama kuna mchanga mwembamba ndani ya mbao. Mvule ndo una visa vyake, unakereza vizuri tu mara unakuta jiwe jeupe limejificha ndani, jiwe kweli sio mfano, ni chokaa inayojijenga ndani ya mti, na makali ya spring yakigonga pale yanakatika meno kama msumeno.

Makali kukaa, hapo sitakudanganya, ni mafupi. Mguu mmoja au miwili ya meza ya mninga nasimama kunoa. Ila kuna kitu watu wanakisahau, stili ya kaboni ikinolewa vizuri inapata makali makali sana, mi kwa mpito wa mwisho kwenye msonobari bado napenda ya spring.

Kunoa ni rahisi na ni hatari kwa wakati mmoja. Rahisi kwa sababu hata kinoo cha mkono na mafuta kidogo kinaitosha, umeme ukikatika kazi haisimami. Hatari ni kwenye grinda. Chuma kikianza kuwa rangi ya majani makavu bado uko salama kidogo, kikifika bluu, kwenye nyuzijoto 300 hivi, ugumu umeshaondoka na pale itabidi usage mpaka rangi yote iishe. Kwa hiyo kopo la maji liwe pembeni, sekunde mbili kwenye jiwe, chovya, sekunde mbili, chovya.

Hela, hii ndo ya chini kuliko zote siku ya kwanza. Lakini inategemea mkono wa mfua chuma, na hapo pima kabla hujalipa: chukua tupa nzuri pitisha kwenye ncha taratibu, tupa ikiteleza kama kwenye kioo imekazwa vizuri, ikitafuna basi hiyo imelegea mrudishie aikaze upya.

Hatari yenyewe kubwa sio ya spring, ni ya ile nyingine inayofanana nayo, ya tupa ya zamani. Tupa ina kaboni nyingi na ni ngumu mpaka inavunjika kama chupa. Kuna mafundi wanaisaga tu ncha wanaitia mpini, hivyohivyo bila kuirudisha kwenye moto kupunguza ugumu, afu wanaiweka kwenye kerezo. Ukiuziwa hiyo usiikubali hata ya bure.

Bobari ya haispidi

Hii ndo HSS, kifupi cha Kiingereza cha high speed steel, na mara nyingi ndani yake ni stili inayoitwa M2, ina wolframu, molibdeni, kromi na vanadi. Iligunduliwa kwa ajili ya kukata chuma, sisi wa mbao tumeidandia tu.

Mti, karibu wote inauweza. Mtiki inauchosha ila inaendelea, jiwe la mvule inaumia ila sio kama spring, mpingo inakwenda ukiwa na subira. Makali yanakaa, pale ambapo ya spring imenisimamisha mara mbili haispidi naimaliza miguu minne ya meza ya mninga ndo nanoa. Tena inastahimili joto, hata ikiwa bluu kwenye grinda ugumu upo, inavumilia mpaka nyuzijoto 500 na kitu. Kosa la watu ni kuichovya kwenye maji ikiwa ya moto sana kama walivyozoea kwa spring, inapata nyufa ndogo ndogo kwenye makali ambazo huzioni mpaka zinapoanza kumeguka. Ikipata moto iache ipoe yenyewe.

Kunoa kunadai grinda, kinoo cha mkono kinaweza kugusia makali ila kubadilisha umbo utakesha. Na jiwe lile la kijivu linalokuja na grinda nyingi za bei nafuu halifai sana, linaziba linaanza kung'aa na kuchoma badala ya kukata, tafuta jeupe au la rangi ya waridi la namba 80. Wenye uwezo wanaweka gurudumu la CBN, yani la chuma lililopakwa chembe ngumu sana za kusagia, hilo halipungui kipenyo wala halihitaji kusawazishwa, ila bei yake ni kama ya grinda nyingine.

Hela, kwa moja ya haispidi kutoka nje unapata za spring kadhaa. Na hapa kuna utapeli. Mi nilinunua bobari kwenye duka moja imepigwa mhuri HSS umenyooka vizuri, nikaja nayo karakana, kugusa tu jiwe cheche zikaruka nyeupe zimepasuka kama nyota nyota za fataki. Nikajua nimepigwa. Haispidi halisi cheche zake ni chache, fupi, nyekundu iliyofifia kama makaa, hazipasuki. Zile za nyota ni za stili ya kaboni. Siku hizi nikienda kununua naomba waniguse kidogo kwenye grinda yao upande wa nyuma, muuzaji akikataa nashukuru naondoka.

Uso unaoachwa, ukiwa umenoa na mkono unajua kazi, ni msafi mpaka msasa unaanza namba 180 au 240. Ila inadai ujue kuegemeza, mgongo wa mshazari, yani ule mteremko uliosagwa nyuma ya makali, ukae juu ya mti kwanza bila kukata halafu ndo unyanyue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Anayeanza na ncha kabla ya mgongo ndo inayemnasa.

Kichwa cha kabaidi

Hii kwa haki sio bobari, ni nondo ya mraba ina kipande kidogo cha kabaidi, kitu kigumu kuliko stili, kimefungwa kwa skrubu mbele, cha mraba, cha duara au cha almasi. Ila kwa sababu watu wananunua badala ya bobari lazima nayo ipimwe.

Mti, huku ndo kinapotesa. Mpingo, mtiki, mnazi, mvule wenye mawe, kabaidi haijali sana. Kwenye mpingo hasa, ule mti mzito unaozama majini, wa zumari na klarineti, kukwangua kunatoa uso mzuri kabisa. Lakini kwenye mbao laini kama msonobari ni msiba, kinachana nyuzi, unabaki na manyoya.

Makali yanakaa muda mrefu kuliko zote mbili, na upande mmoja ukichoka unalegeza skrubu unageuza, cha mraba kina pande nne, cha duara unazungusha kidogo kidogo.

Kunoa, wauzaji wanasema hakinolewi. Sio kweli kabisa, unakivua unakilaza kifudifudi kwenye bati la almasi, lile lililopakwa chembe za almasi, na maji, unasugua uso wa juu tu mara kumi kumi na tano, kinarudi. Lakini kwenye jiwe la kawaida la grinda usijaribu, utamaliza jiwe, na kipande chenyewe kinaweza kumeguka.

Hela, nondo unaweza ukachongewa na fundi wa lezi hapahapa mjini ukanunua vipande tu. Ila vipande ni matumizi yasiyoisha na vikikosekana dukani unakaa unaangalia mashine.

Uso na hatari: kinashikwa kimelala sambamba na sakafu, hakina mambo ya kuegemeza mgongo, mtu wa siku ya kwanza anatoa bakuli. Hilo ni zuri. Baya ni kwamba kinakwangua hakikati, hutoi maranda marefu unatoa vumbi, na vumbi la mvule na la mpingo linakera mapua na kifua vibaya, barakoa sio mapambo. Na fundi aliyelelewa na kabaidi tu, ukimpa bobari baada ya mwaka anaanza upya.

Sasa kunoa kwenyewe

Hapa kuna njia tatu na watu wanabishana kama Simba na Yanga.

Mkono mtupu kwenye grinda. Unahitaji egemeo tu, pale unapolaza chuma mbele ya jiwe, na macho. Namna ninavyofanya kwa bobari ya nguzo: napaka wino wa maka peni kwenye mshazari wote, grinda ikiwa imezimwa naweka chuma kwenye jiwe nazungusha jiwe kwa kidole, naangalia wino umekwanguka wapi. Umekwanguka nyuma tu, nanyanyua mpini. Umekwanguka kwenye ncha tu, nateremsha. Ukikwanguka kote ndo nawasha. Nagusa kisigino kwanza, yani mwisho wa mshazari ulio mbali na makali, naviringisha kushoto kulia kama nakunja sigara, bila kukandamiza, uzito wa chuma unatosha, na macho yako kwenye cheche sio kwenye jiwe. Cheche zinaanza chini, zikishavuka zikaanza kutokea ndani ya mfereji juu ya makali, basi, toa. Kuendelea pale ni kula chuma bure. Nasogea kwenye taa naangalia makali kwa mbele: ukiona mstari unameta hapo bado butu, makali ya kweli hayaonekani. Njia hii ni bure na ni ya haraka, ila miezi ya kwanza utaharibu chuma, ndo maana jifunzie kwenye ya spring.

Jigi. Ni kishikio kinachobana bobari na mkono wenye kikombe chini ya jiwe, unakuwa unabembeza tu umbo linajirudia. Oneway wa Kanada wanayo inayoitwa Wolverine, wengi wameiga, na ya plaiwudi unaweza kujitengenezea ukiwa mvumilivu. Siri yake ni bobari itokeze mbele kwa kipimo kilekile kila siku, mi nimepigilia kipande cha mbao kwenye meza, milimita 50, naisukuma ncha igonge nakaza. Hii ndo ninayomshauri mwenye bobari ya bakuli yenye mabawa marefu ya pembeni, kuipata kwa mkono mtupu ni ufundi wa miaka. Ubaya ni kwamba ukilegeza kipimo kidogo unasaga umbo jipya kila ukinoa, na chuma kinaisha.

Jiwe la maji la taratibu, kama la Tormek wa Sweden, au kinoo cha kawaida. Hakichomi kamwe, makali yake ni ya kunyolea. Lakini ni polepole, na kwenye kerezo makali ya kunyolea yanaisha kwenye mguu wa kwanza, kwa hiyo mi naona ni anasa kwa kazi ya kila siku. Kwa ya spring na kazi chache chache, inafaa sana.

Kabla hujanunua grinda soma kibandiko cha mota. Kwa umeme wetu wa hezi 50 utakuta imeandikwa mizunguko 1400 na kitu au 2800 na kitu kwa dakika. Chukua ya kwanza ukiipata, inakupa muda wa kufikiri. Ya pili inanoa pia, ila spring inageuka bluu kabla hujapepesa. Na jiwe jipya kabla ya kulifunga lining'inize kwenye kidole uligonge na mpini wa bisibisi, likilia kama kengele funga, likitoa sauti ya kibuyu kilichopasuka lina ufa, tupa.

Kwa hali yako

Unaanza, hela ndogo, unakereza miguu ya viti na visukumio vya chapati vya msonobari au mwembe: za spring mbili, pana moja na ya nguzo moja, kinoo na kopo la maji, na hela inayobaki weka kwenye grinda sio kwenye bobari ya tatu.

Una oda za kudumu, vitanda na nguzo za ngazi za mninga au mtiki, unalipwa kwa kipande: haispidi, jiwe jeupe, egemeo zuri. Muda unaoupoteza kunoa spring utazidi bei ya haispidi ndani ya oda chache. Ya spring usiitupe, ibaki ya mpito wa mwisho.

Unataka bakuli: haispidi ya bakuli moja yenye mfereji wa kina na jigi, hata kama jigi ni ya plaiwudi. Pesa ikiwa ndogo, bobari ya kawaida na jigi ni bora kuliko bobari ya kifahari bila jigi.

Unafanya mpingo au mnazi tu, vitu vidogo vya kuuzia watalii: kabaidi itakulipa, weka na haispidi moja ya nguzo kwa sehemu ndogo ndogo ambazo kipande cha kabaidi hakifiki.

Sehemu yako umeme unakatika kila siku: mashine yenyewe itasimama, lakini ule muda wa giza ndo wa kunoa, na kinachonoleka bila umeme ni spring kwenye kinoo na kabaidi kwenye bati la almasi. Haispidi utaigusia tu.

Mnatumia karakana moja watu wanne watano na bobari zinazunguka mikononi: jigi lazima, na kipande cha mbao cha kipimo kipigiliwe mezani, la sivyo kila mtu ataichonga kwa engo yake na Ijumaa hakuna bobari itakayokuwa na umbo lililoeleweka. Sisi tulifika huko. Tukaandika kwa rangi nyeupe kwenye kila mpini, 45, 35, 55, na anayebadilisha ananunua chai ya wote.